Kamba, Jasho na Ng'ombe Yupi

Pamba iliyotoka shambani ikaanikwa juani ina harufu yake. Asiyeizoea atakuambia pamba hainuki, lakini huyo hajawahi kulalia rundo lake mchana wa Juni. Inanuka vumbi la moto, inanuka mafuta yaliyofichwa ndani ya mbegu, na kwa mbali inanuka kama kichwa cha mtoto mchanga aliyeamka usingizini. Mpaka leo, malori ya pamba yanapopita hapa kwetu kandokando ya mji wa Bariadi, upepo ukaniletea harufu ile dirishani, mimi huacha ninachofanya. Juzi niliacha maharage yakaungua, mkwe wangu akanisema mpaka jioni. Wenzangu wa rika langu wakiisikia harufu hiyo hukumbuka migongo iliyowauma. Mimi hukumbuka Kiingereza. Najua mnacheka. Chekeni, maana hata mimi nacheka, lakini ndivyo ilivyo: harufu ya pamba ikinipata, maneno matatu hunijia kichwani kama mbuzi wanaokimbilia chumvi. Noun. Verb. Adjective.

Nilizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana naitwa Kabula, katika kijiji kilicho kati ya Bariadi na Lagangabilili, enzi ambazo Bariadi yenyewe haikuwa makao makuu ya chochote. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na nyasi, na mbele yake palikuwa na uwanja uliofagiwa mpaka ukang'aa. Msimu wa kuvuna uwanja huo ulijaa pamba, na kazi ya kila mtu aliyekuwa na vidole ilikuwa kuichambua. Unachukua tonge la pamba, unaling'oa majani makavu na vikonyo, unalitazama. Nyeupe isiyo na doa inakwenda rundo hili, hiyo ni pamba safi. Yenye madoa, iliyoliwa na wadudu au kulowa, inakwenda rundo lile, tunaiita pamba fifi. Ukichanganya, siku ya kupeleka ghalani karani atatia mkono katikati ya furushi, atatoa fifi moja iliyojificha, na ukoo wako wote utaaibika mbele ya foleni. Kwa hiyo sisi tulijua kuchambua kabla hatujajua kusoma. Mtoto wa kwetu akiwa na miaka mitano macho yake tayari yana kazi.

Shule ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu mifupi. Nilikuwa darasa la nne, na mwaka huo aliletwa mwalimu kijana kutoka Tanga, Mwalimu Mbwana. Alikuwa mwembamba, shati lake limenyooka hata saa nane mchana, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata tulikuwa tunamwuliza vitu ambavyo hatukuvihitaji ili tu tumsikie akijibu. "Ahsanteni sana wanangu," angesema, na darasa zima lingejifunika midomo. Sisi kwetu Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha gulioni. Nyumbani ni Kisukuma tu. Sasa fikiria, mtu anakufundisha lugha ya tatu kwa kutumia lugha ya pili ambayo wewe mwenyewe unaipapasa kama kipofu anayetafuta mlango. Lakini tulimpenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tulikuwa wagonjwa wa kutaka kujua.

Alituandikia ubaoni sentensi fupi fupi. "The fat goat eats grass." Kisha akatuambia tutafute ndani yake jina, tendo na sifa. Noun, verb, adjective. Maana yake alitufundisha kwa wimbo, nasi tukauimba kwa sauti mbili kama kanisani, mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani kwa furaha. Wimbo tuliujua. Mbuzi yuko wapi katika wimbo, hakuna aliyejua. Ukiulizwa noun ni ipi, unataja neno lolote ukiangalia uso wa mwalimu, akikunja unahamia neno la pili. Aliyejua kweli alikuwa mmoja tu, Masanja, mtoto wa karani wa ghala la pamba. Baba yake alikuwa na redio na kitabu cha Kiingereza chenye jalada gumu. Masanja alizungumza Kiingereza kama maji yanayomwagika kutoka kwenye mtungi, na alijua kwamba anajua. "Kabula," angeniambia tukirudi nyumbani, "wewe noun yako ni mdomo." Nami nilikuwa nambeba mdogo wake mgongoni njia nzima! Siku hizi Masanja yuko Lamadi, ana vizimba vyake vya samaki, ni mzee mwenye tumbo, na tukikutana bado ananiita Mdomo. Nimetoka njiani. Nirudi.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Hilo nataka lieleweke, maana siku hizi watoto wakisikia habari za baba wa zamani wanatikisa vichwa. Alikuwa mtu wa ng'ombe na wa pamba, na nyumba yetu ilikuwa na upungufu wa mikono, wadogo zangu wawili wa kiume walikuwa bado hawajafikia kushika jembe. Darasa la nne ndilo lilikuwa mwisho wa shule yetu. Aliyetaka la tano alikwenda shule nyingine, mbali, alale kwa ndugu wiki nzima. Nafasi zenyewe zilikuwa za kuhesabika, na hata ukiipata, mzazi ndiye aliyeamua. Mimi niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kula. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya sauti ya Mwalimu Mbwana, labda kwa sababu ya kumziba mdomo Masanja. Nilipomwambia baba, alikuwa anakamua maziwa, hakugeuka. Alisema, "Mimi Kizungu sikijui, siwezi kukupima. Nitasubiri nione watu wanasemaje juu yako. Watu wakisema unaweza, utakwenda. Wakinyamaza, jembe liko pale." Akaendelea kukamua. Mayu, mama yangu, akanitazama juu ya mgongo wa ng'ombe akanikonyeza ninyamaze.

Mchana mmoja nilikuwa nachambua pamba na bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa na meno mawili tu ya mbele na ulimi usio na mlango. Aliniita mke mwenza, kwa kuwa babu alikuwa ananipenda. Mikono yake ilichambua huku macho yakiangalia kuku. Mimi nilikuwa nanung'unika wimbo wa noun, machozi yakinidondokea kwenye pamba. "We mke mwenza," akasema, "utailowesha hiyo iwe fifi. Unalia nini?" Nikamweleza. Kwamba kuna sentensi, ndani yake mna maneno ya aina tatu yamechanganyika, na mimi siwezi kuyatenga. Bibi akasimamisha mikono, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Ni kuchambua?" akauliza. Nikasema ndiyo bibi, ni kuchambua. Akapiga paja kwa kicheko. "Mtoto wa nyumba hii analilia kuchambua! Lete makapu matatu."

Nikaleta. Akaniambia nimtajie neno moja la Wazungu, nimpe na maana yake. Nikasema goat, ni mbuzi. Bibi akauliza, "Hicho kinafungwa kamba?" Nikasema kinafungwa. "Tupa kapu la kwanza." Nikatupa tonge la pamba katika kapu la kwanza. Nikasema eats, ni kula. "Kula kunafungwa kamba?" Hapana bibi. "Kunatoa jasho?" Nikafikiri babu akila ugali wa moto, paji lake likimeremeta. Nikasema kunatoa. "Kapu la pili." Nikasema fat, ni nono. Hapo bibi akasita, akajikuna kichwa kwa kijiti. "Nono hakifungwi kamba, anayefungwa ni mbuzi. Nono hakitoi jasho, ukikaa tu umenona." Akatafuna hewa kidogo. "Hicho kinanionyesha mbuzi yupi. Nikikutuma zizini ukamlete mbuzi, utaniuliza yupi. Nitakwambia, yule nono. Kapu la tatu."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: mwili wangu ulisisimka kuanzia nyayo. Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Maneno niliyokuwa nayaimba miezi mitatu kama kasuku yaligeuka kuwa vitu vyenye uzito mkononi. Nikaanza kumrushia bibi maneno moja baada ya jingine, naye akirusha pamba, kuku wakikimbia huku na huko. Farmer! Kamba, tena mlevi yule wa jirani anahitaji kufungwa. Dig! Jasho. Long! Yupi. Sleep! Nikamwambia bibi, kulala hakutoi jasho, tumekwama. Akasema, "Hujamwona babu yako analala mchana wa leo? Nenda kamguse shingo." Rain! Nikasema bibi, mvua haifungwi kamba. Akanitazama kwa huruma. "Mvua haifungwi? Waulize waliokosa mvua mwaka ule, walimtafuta aliyeifunga kijiji kizima." Tukacheka mpaka mayu akatoka ndani na mwiko kuuliza kama pamba inachambuka au inachezewa. Jioni baba alikuta makapu matatu, akauliza rundo la tatu ni la pamba gani. Bibi akamjibu, "Ya Kizungu. Wewe huijui." Baba akapita kwenda zizini.

Nikawafundisha wenzangu. Tulifundishana njiani, tukipita kwenye vichuguu, tukikielekezea kidole kila kitu: kamba, jasho, yupi! Masanja alitucheka. Alisema hayo ni mambo ya washamba, na kwa kweli bado sisi tulikuwa tunakosea. Maneno mengine yalitushinda kabisa, nami sikuwa na jibu, nikipiga kelele zaidi pale nisipojua, tabia ambayo haijaniacha. Lakini kelele yetu ilimfikia Mwalimu Mbwana. Akasikia kwamba mkaguzi wa shule anakuja, akaona afanye jambo. Atagawa darasa pande mbili, zishindane kuchambua sentensi za Kiingereza mbele ya mkaguzi na wazazi. Upande mmoja kiongozi wake Masanja. Upande wa pili akanichagua mimi, wala si kwa akili, alisema mwenyewe, "Kabula una sauti." Akatutuma: "Waambieni wazazi wenu, Ijumaa alasiri kutakuwa na mashindano ya pande mbili. Waje bila kukosa."

Maskini mwalimu, alikuwa mtu wa Tanga. Hakujua alichokisema. Kwetu Usukumani, ukimwambia mtu baada ya mavuno kwamba kuna mashindano ya pande mbili, hafikirii ubao. Anafikiria ngoma. Na ngoma zetu za mashindano zina desturi yake: pande mbili zinacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu hapa na yule pale. Hakuna mwamuzi wa kukaa mezani. Watu wenyewe ndio mizani. Wanasimama katikati, kisha wanaanza kuvutwa, mmoja, wawili, kundi, mpaka upande mmoja umezingirwa na mwingine umebaki unajichezea na vumbi lake. Ulioachwa umeshindwa, na mwaka mzima hutapita kisimani bila kutaniwa. Sisi watoto tulifikisha ujumbe kama tulivyotumwa, neno kwa neno. Baba alipousikia kutoka kwangu aliinua macho. "Pande mbili? Na upande mmoja ni wako?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema polepole, "Basi hapo ndipo nitakapokupima. Nitasimama watakaposimama watu. Wakikuacha, ujue na shule imekuacha." Bibi akasonya. Mimi usiku ule sikuupata usingizi, na asubuhi yake nilikojoa mara nne kabla ya kuondoka. Nasema tu ukweli.

Ijumaa ile sitaisahau hata wakinizika. Mwalimu Mbwana alikuwa amepanga madawati uwanjani kwa mistari, na meza yenye kitambaa kwa ajili ya mkaguzi. Tukaanza kusikia filimbi. Tukaona vumbi. Kijiji kilikuja chote! Walikuja wamejifunga shanga vifuani, wamevaa njuga miguuni, wanawake wakipiga vigelegele kutoka mbali. Alikuja mzee mmoja wa ngoma ya nyoka na kikapu chake kimefungwa kifuniko vizuri, kwa heshima, endapo angehitajika. "Mwadila!" wakamwamkia mkaguzi, mtu mzito mwenye kofia, naye hakujua aitikie nini. Alipoambiwa kilichomo kikapuni alihamisha kiti chake upande wa pili wa meza. Madawati hayakukaliwa na mtu. Watu walisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, macho yakicheza, kama ilivyo desturi. Mkaguzi akasema, "Wananchi, kaeni." Watu wakamtazama kwa upole wakabaki wima. Unakaaje kwenye mashindano? Utahamaje ukiwa umekaa?

Mkaguzi akakata tamaa, akafungua karatasi yake akaanza. Sentensi ilisomwa, upande mmoja ujibu, kisha upande mwingine usomewe yake. Masanja alianza. Alisimama kifua mbele, akajibu kwa Kiingereza kitupu, noun is hivi, verb is hivi, haraka haraka, bila hata kumeza mate. Watu hawakuelewa neno, lakini walijua umaridadi wakiuona. "Yalaa!" mmoja akasema, "mtoto wa karani anatema!" Akavutwa. Akafuatwa na wawili. Ikaja zamu yetu, nami yote niliyopanga yakaniruka. Nilijibu kwa sauti ndogo, nikakosea, mkaguzi akaandika kitu. Masanja tena, maji yanamwagika, kundi likahama. Nikakosea tena. Nikaona migongo. Kuna kitu kibaya kuliko kuiona migongo ya watu unaowajua kwa majina yao? Jirani yetu aliyenipokea nilipozaliwa, kahama. Binamu zangu, wamehama. Na baba, fimbo yake ya kuchungia begani, alisimama kidogo akinitazama, kisha akageuka. Alitembea taratibu sana, lakini alikuwa anakwenda kule. Upande wangu, kati ya waliokuja kutazama, alibaki bibi peke yake, amekaa chini kabisa na miguu ameinyoosha, akitafuna, kana kwamba uwanja umejaa.

"We mke mwenza," akapaza sauti, uwanja wote ukasikia, "leo hujaleta makapu?"

Sijui nini kilinipata. Nilichukua kofia za wavulana wawili wa upande wangu na kikapu cha chakula cha mwenzangu, nikavipanga chini mbele yangu. Watu wachache wakageuza shingo. Mkaguzi akasoma: "The brown cow drinks water." Niliwaambia nina sauti, basi siku hiyo niliitoa yote. Nilikiacha kile Kiingereza cha kuiga, nikasema kwa Kiswahili na pale kiliponiishia nikasema kwa Kisukuma. "Cow ni ng'ombe! Ng'ombe anafungwa kamba au hafungwi?" Upande wangu wakaitikia, "Anafungwa!" "Water ni maji! Maji yanafungwa?" Bibi akajibu kutoka chini, "Funga mtungi, yatakuwemo!" Watu wakaangua kicheko. "Drinks ni kunywa! Kunatoa jasho?" Mlevi wetu wa jirani, kutoka upande wa Masanja kabisa, akapaza sauti, "Kunatoa sana, mwanangu!" Hapo hata Mwalimu Mbwana alijifunika uso na daftari.

Likabaki neno moja. Brown. Nikamwona baba, ameshafika karibu na kundi la Masanja, mgongo wake kwangu. Nikasema, na sasa sikuwa napiga kelele tena, nilikuwa namwambia yeye: "Brown hakifungwi kamba wala hakitoi jasho. Baba akinituma lamboni jioni kumfuata ng'ombe wetu, na ng'ombe wa kijiji chote wamechanganyika pale wanakunywa, hanipi fimbo, fimbo ni yake. Ananipa neno moja tu, rangi ya ng'ombe. Neno hilo ndilo ninaloshika. Napita nalo katikati ya pembe zote mpaka namwona wetu. Neno hilo mwalimu analiita adjective."

Baba akasimama. Akageuka. Nilikuwa nimeshamwona baba akitazama fahali la mnada, akilizunguka, akilipima, na hivyo ndivyo alivyonitazama. Watu walikuwa bado kule. Desturi ilikuwa wazi na ahadi yake ilikuwa wazi: asimame waliposimama watu. Baba akaanza kurudi. Peke yake, katikati ya uwanja mtupu, hatua zake ndefu, na alipofika upande wangu aliichomeka fimbo ardhini kwa nguvu kama mtu anayeweka mpaka wa shamba. "Kumbe wanafundishwa ng'ombe," akasema kwa Kisukuma, na hakusema kwa mtu yeyote. Sasa, baba alikuwa mtu wa kuheshimika, hakuwa mtu wa kutembea ovyo. Watu walipomwona amehama kwenda mahali pasipo na mtu, wakafikiri ameona kitu ambacho wao hawajakiona. Mmoja akamfuata. Watatu. Halafu ndugu zangu, uwanja ulipinduka! Filimbi, vigelegele, njuga, vumbi mpaka shingoni. Kila neno lililosomwa kijiji kizima kilijibu, kamba, jasho, yupi, wazee na watoto, na yule wa nyoka akiinua kikapu juu kwa furaha huku mkaguzi akimwomba akishushe. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, kamasi zinanitoka. Masanja alibaki na upande wake kama kisiki kilichosahauliwa shambani. Kisha na yeye akaanza kuitikia.

Matokeo? Masanja alishinda. Mkaguzi alisoma karatasi yake mwishoni: upande wa Masanja umepata karibu yote, sisi nusu. Alisoma vizuri, kwa haki, nami sina kinyongo, maana kweli nusu nyingine nilikosa. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakampigia makofi, kisha wakanibeba mimi mabegani. Nadhani mpaka anapanda gari lake hakuelewa. Njiani kurudi nyumbani baba alitembea mbele. Bibi akamchokoza: "Wewe si ulisema utasimama waliposimama watu? Ulikwenda kusimama na nani?" Baba akatembea hatua kama kumi. "Na wewe," akasema. "Wewe si mtu?" Nafasi niliipata, na mwaka uliofuata nilikwenda darasa la tano, nikiwa na kibegi kilichoshonwa kwa gunia la pamba.

Sikufika mbali, nisijisifu. Nilisoma mpaka katikati ya darasa la sita, mayu akaugua mgongo, mikono ikahitajika, nikarudi. Nikaolewa, nikalima, nikazaa. Kiingereza nilichobaki nacho kinaingia kwenye kiganja kimoja. Nawaona siku hizi wajukuu wanavyosoma. Bariadi sasa ni makao makuu ya mkoa, maofisi, bodaboda, watu kutoka kila pembe ya nchi. Mtihani unakuja umefungwa, unafanywa kimya, matokeo yanasomwa kwenye simu, mtoto ameinama peke yake chumbani. Wanajua mengi kuliko tulivyojua sisi, hilo sibishi, na hakuna binti anayengoja fimbo ya baba ichomekwe ardhini ndipo asome. Nashukuru sana. Lakini nikijiuliza kitu gani sisi tulikuwa nacho ambacho wao hawana, jibu linakuja moja tu: sisi tulipojibu, tuliona watu wakitembea kuja kwetu.

Mwaka huu nilikwenda kikao cha wazazi shuleni kwa mjukuu wangu Milembe, naye yuko darasa la nne. Ukumbi wa saruji, viti vya plastiki, mwalimu msichana mchangamfu na kipaza sauti. Watoto wakaitwa mbele mmoja mmoja kuonyesha walichojifunza. Ikaja zamu ya Milembe. Ubaoni palikuwa na sentensi ya Kiingereza, fupi, na mwalimu akamwomba aonyeshe adjective. Mtoto akaganda. Nikaona shingo yake inavyozama mabegani. Wazazi wengine walikuwa wanamtazama kupitia simu zao, wengine wanatazama simu tu. Niliijua migongo ile, hata kama safari hii ilikuwa ni nyuso.

Nikainuka. Goti langu hili la kushoto lilipiga kelele, watu wakageuka. Nikaanza kutembea katikati ya ukumbi kwenda mbele. "Bibi," mwalimu akasema kwa upole kwenye kipaza sauti, "naomba ukae, utaitwa." Nikamwambia, "Sikuitwa mwanangu, nimehama," nikafika kwa Milembe, nikasimama upande wake, nikageuka nikawatazama. Mtoto akaniangalia, ananijua bibi yake, mdomo ukaanza kumcheza. Nikamnong'oneza: "Neno lipi linakuonyesha yupi?"

Mama mmoja mwenye ushungi, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka Pwani, alikuwa mstari wa kwanza. Akanitazama, akamtazama mtoto, akachukua mkoba wake akaja kusimama kando yangu. "Bibi," akaninong'oneza, "tumesimama kwa nini?"

"Wewe simama kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Utajua."

Na kabla Milembe hajafungua mdomo, nikavisikia viti vya plastiki, kimoja, viwili, vitano, vikikwaruza saruji.